Namna ya kusimamisha muda kwenye filamu yako fupi kwa simu tu, somo nililolipata kwenye Cashback

Kama umewahi kuachwa unaijua iyo hali, saa nane usiku uko macho unahesabu mbao za dari, saa tisa bado, saa kumi na moja adhana inaanza na wewe hujafumba hata jicho moja, na kila dakika inajivuta kama gari lililozama kwenye tope. Hapo ndo Cashback inapoanzia. Ni filamu ya Uingereza ya mwaka 2006, dairekta ni Sean Ellis, vichekesho na mapenzi humo humo, na mimi nimeirudia mara nyingi kuliko filamu yoyote ya mapenzi kwa sababu moja, jamaa kasimamisha muda na ukiangalia vizuri unaona kazi kubwa imefanywa na watu waliosimama tuli tu, binadamu wa kawaida waliobana pumzi.

Nimeandika hii kwa wale wanaotaka kujaribu kitu kama icho kwenye filamu zao fupi, hawana hela ya efekti, wana simu, wana marafiki saba nane na duka la mtu waliloazimwa kwa usiku mmoja. Inawezekana kabisa. Nimefanya, nimeharibu, nimerudia, saivi najua pa kukanyaga.

Kwanza kwa ufupi kisa chenyewe kwa ambaye hajaiona. Ben Willis, kaigiza Sean Biggerstaff, ni mwanafunzi wa sanaa ya uchoraji London, ameachana na Suzy na usingizi umekata kabisa, anajikuta ana masaa manane ya ziada kila siku na hajui ayafanyie nini, kila akikaa anamuwaza Suzy. Anaamua kuyauza. Anaomba zamu ya usiku kwenye supamaketi ya Sainsbury's. Na jina la filamu limetokea humo humo, kule Uingereza ukilipa kwa kadi unaweza kumwambia keshia akukate hela zaidi ya bili afu iyo ya juu akupe taslimu, ndo kashibaki iyo. Ben anatoa muda wake, anarudishiwa hela. Usiku kwenye iyo supamaketi anagundua anaweza kusimamisha kila kitu, wateja wakaganda na vitoroli vyao, yeye akatembea katikati yao na kuwachora.

Ilianza kama filamu fupi ya dakika 18 mwaka 2004, ikashutiwa kwenye tawi la Whitechapel, mashariki mwa London, ikafika mpaka kuteuliwa kwenye Oscar upande wa filamu fupi. Afu Ellis akaichukua iyo fupi yote akaiingiza ndani ya ile ndefu, na waigizaji ni wale wale. Hii nakwambia kwa makusudi kabisa, maana kuna watu wanasubiri bajeti ya filamu ya saa moja na nusu wakati wana dakika kumi nzuri kichwani. Shuti izo kumi.

SABABU KWANZA, KAMERA BAADAE

Kosa la kwanza ninaloliona kwenye klipu nyingi za watu kuganda ni kwamba hakuna anayejua kwanini muda umesimama. Mnaikumbuka ile mannequin challenge ya 2016, kila darasa, kila ofisi, kila harusi watu wameganda na kamera inapita, ilipendeza wiki mbili afu ikachosha, kwasababu hakukuwa na mtu ndani anayehitaji muda usimame. Ben anauhitaji. Anaumwa na mapenzi, usiku hauishi, anatafuta kitu kizuri cha kutuliza macho. Kwaiyo kabla hujagusa kamera, andika sini moja kabla ya ile ya kuganda inayoonyesha mtu wako ameumizwa na nini. Filamu yenyewe inafungua na Suzy anamfokea Ben kwa mwendo wa taratibu sana, mdomo unafunguka, uso umekunjamana, na maneno yake huyasikii, muziki umefunika. Huambiwi wamegombania nini wala huna haja ya kujua.

Hiyo unaweza kuifanya kwa simu. Weka slomo ya fremu 120 kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video), ukiicheza kwenye fremu 25 inakuwa taratibu karibu mara tano. Ila ishuti mchana, karibu na dirisha au nje, usiishuti chini ya taa za tyubu, nitaeleza mbele kidogo kwanini. Na mwambie mwigizaji afoke kweli, kwa sauti, hata kama sauti utaitupa, maana mishipa ya shingo haidanganyi.

Mahali nako. Chagua sehemu inayochosha. Mtu anaota kusimamisha muda ufukweni jua linazama, hapana, pale pazuri tayari, hapahitaji mtu wako. Supamaketi saa saba usiku, kituo cha daladala, foleni ya benki, chumba cha kusubiri daktari, sehemu ambazo kila mtu anaangalia saa. Kwenye Cashback wafanyakazi wa usiku kila mmoja ana mbinu yake ya kuua muda, na Sharon, yule dada wa kaunta aliyeigizwa na Emilia Fox, ameziba uso wa saa yake ya mkononi kwa kipande cha selotepu ili asiione. Napenda sana kile kipande cha selotepu. Kitu cha kiasi gani, na ushamjua.

WATU KUGANDA

Hapa ndo kazi ilipo kwaiyo nitakaa kidogo.

Binadamu anapepesa macho kama mara 15 mpaka 20 kwa dakika, yani kila sekunde tatu nne kuna mtu kapepesa. Ukiwa na watu nane kwenye fremu hesabu mwenyewe. Dawa yake ni shoti fupi, sekunde nane isizidi kumi, na kabla ya kuanza waambie wote wafumbe macho wapumzike, wewe unahesabu tatu mbili moja, "fungua", wanafungua na kukazia kitu kimoja walichochagua mapema, lebo ya sabuni, msumari ukutani, chochote, ila kisiwe kamera wala uso wa mtu mwingine maana wakigonganisha macho watacheka tu, hata uwe umewalipa.

Pumzi nayo. Kifua kinapanda, mabega yanapanda, yanaonekana hasa kwa pembeni. Wafundishe kupumua kwa tumbo polepole na mbele ya tumbo kuwe na kitu, kikapu, mfuko wa unga, mtoto wa mtu. Nguo iliyolegea inaficha, ya kubana inasema kila kitu. Heleni ndefu vua, au zishike kwa kipande cha selotepu nyuma ya shingo, na pindo la khanga au mtandio liwekee pini, maana mtu wako mkuu akipita karibu anasukuma upepo na pindo linacheza, na jicho la mtazamaji linaenda hapo hapo kama limeitwa.

Pozi. Usimpe mtu pozi la kusimama wima kama askari wa gwaride, huyo haonekani ameganda, anaonekana amesimama. Kinachomfanya mtu aonekane kagandishwa ni kitendo ambacho hakijaisha. Mdomo uko katikati ya neno. Mkono umefika nusu ya njia kwenye rafu. Kisigino kimeinuka kama anaondoka, na chini ya kile kisigino umeficha kabari ya mbao isiyoonekana kwenye kamera, ili uzito ukae, maana hakuna anayeweza kubaki kwa mguu mmoja sekunde kumi bila kutetemeka. Usimpe mtu kitu kizito anyanyue, toa maji kwenye dumu, toa mchele kwenye mfuko jaza magazeti.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Tulipewa duka moja Dar, mwenye nalo alituachia kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, tulikuwa watu kumi na moja, sini yenyewe keshia anamrudishia mteja chenji na noti iko hewani kati ya mikono miwili. Nikazima pangaboi, nikamwomba kijana wa pale azime na televisheni ndogo iliyokuwa juu ya friji, nikakagua kalenda isipeperuke, tukashuti mara sita na ile ya tano ilikuwa nzuri kiasi kwamba tulikumbatiana. Kesho yake nimekaa kuediti, naangalia, nyuma ya kichwa cha yule dada keshia kuna saa ya ukutani, ya duara, ndogo tu, na mshale mwekundu wa sekunde unatembea. Tik, tik, tik. Watu wote wameganda na saa inatembea. Sini yote ikaenda na maji, ikabidi nirudi kwa mwenye duka kumbembeleza usiku mwingine, na kuwaomba watu kumi waache vitanda vyao tena.

Kwaiyo kabla ya kusema anza, usiangalie watu. Watu wanajijua. Angalia ukuta, angalia dari, angalia sakafu: saa (toa betri), feni, taa ya friji inayowaka na kuzima, skrini ya mashine ya EFD inayotoa risiti, majani ya ua karibu na mlango, na nzi. Mbu na nzi hawasikii dairekta, kapulizie dawa lisaa limoja kabla na fungua milango hewa itoke ili watu wasikohoe.

Vitu vinavyoelea hewani ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Ile noti tuliitundika kwa mshipi, ule mwembamba kabisa wa kuvulia samaki, unatoboa tundu dogo kwa sindano, unafunga juu kwenye mbao ya dari. Mshipi unang'aa ukipigwa na taa kwaiyo upake masizi kidogo au sogeza taa pembeni. Chenji ya sarafu tulizibandika kwa supa glu kwenye waya mwembamba unaotokea nyuma ya kidole cha keshia, kwa mbele huoni kitu. Maji yanayomwagika kutoka kwenye glasi unatengeneza kwa gundi ile ya vijiti inayoyeyushwa na kile kibunduki cha umeme, unaichirizisha juu ya karatasi ya kuokea keki, ikikauka unaibandua, una mchirizi wa maji uliosimama ambao unaweza kuushika mkononi. Tengeneza mitano, chagua mmoja.

SIMU, MWANGA NA MASKI

Simu nyingi zinashuti fremu 30 kwa sekunde zikiachwa zenyewe, na umeme wetu ni wa hezi 50, yani unajirudia mara 50 kwa sekunde na taa zinapepesa nao, Tanzania, Kenya, hata kule London kwenyewe. Ukishuti fremu 30 na shata (muda kamera inaofunguka kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde chini ya taa za tyubu au LED za bei rahisi utaona mistari ya giza inapanda na kushuka kwenye picha, na mistari inayotembea kwenye sini ya muda uliosimama ni ile ile saa ya ukutani, imekuja kwa mlango mwingine. Weka fremu 25 na shata 1/50. Kama kamera ya simu yako haikuruhusu, pakua Blackmagic Camera, ni ya bure na ipo kwa iPhone na Android nyingi. Na ndo maana nilisema ile slomo ya fremu 120 ishutiwe kwa mwanga wa jua, kwenye kasi ile taa za aina iyo zitapepesa hata ufanyeje.

Kwa shoti pana yenye watu wengi tumia maski, yani unapanga picha mbili juu kwa chini afu unakata sehemu ya ile ya juu ili ya chini ionekane. Simu kwenye traipodi, bonyeza skrini kwa muda mpaka fokasi na mwanga vijifunge visibadilike vyenyewe, afu usiiguse tena. Shuti watu wameganda sekunde chache. Watoe wote. Shuti mtu wako mkuu peke yake anapita. Kwenye kuediti chukua fremu moja tu ya wale walioganda, ile iliyotulia kuliko zote, iweke juu ya klipu ya mtu wako, afu kata maski kumpa yeye njia yake. App ya CapCut inafanya, programu ya DaVinci Resolve ya bure inafanya vizuri zaidi. Sharti ni moja, asipite mbele ya mtu aliyegandishwa wala kivuli chake kisimguse, la sivyo atakatika kiuno katikati ya picha. Watoto wote waweke kwenye maski, mtoto hagandi. Na fremu iliyogandishwa inakuwa imekufa mno, zile chengachenga ndogo za picha zimesimama upande mmoja na upande mwingine zinacheza, kwaiyo mwishoni ongeza chengachenga kidogo juu ya picha nzima ili pande zote zifanane.

Ila usitumie maski kote. Shoti za karibu weka watu wa kweli, simu mkononi, sogea taratibu. Mtazamaji akishaona kamera inamzunguka mtu na yule mtu bado ameganda, anaamini na ile pana iliyopita.

ANAANGALIA NINI

Hapa niseme ukweli wangu kuhusu filamu yenyewe. Ben anapowagandisha wanawake pale supamaketi anawavua nguo ili awachore, na kisa kinataka tuione kama sanaa na uzuri wa mwili. Naipenda hii filamu na bado hiyo sehemu inanikaa vibaya, kwasababu mtu aliyegandishwa hawezi kukataa. Usiige iyo. Si kwamba tu hadhira yetu itakuzomea, ni kwamba unampoteza mtu wako, ukimwonyesha anachukua kitu kwa asiyeweza kusema hapana hakuna tena wa kumhurumia kwa kuachwa kwake. Na wakati wa kushuti vile vile, mweleze kila mwigizaji kabla hajafika kamera itakaa wapi na itasogea karibu na nini, hasa akina dada, na akisema hapana ni hapana.

Uzuri upo kwingine na filamu yenyewe inaujua. Angalia Ben anavyobadilika, mwanzoni anachora kila anayepita, kadri siku zinavyoenda karatasi zinajaa mtu mmoja, Sharon, uso wa Sharon, usingizi wa Sharon, na mwisho maonyesho yake yote ya picha ni yeye. Huhitaji maneno kusema kidonda kinapona. Kwaiyo mtu wako mwenye majonzi mpe kitu kidogo cha kuangalia kila akisimamisha muda, mkunjo wa kola, alama ya chanjo begani, wino kwenye kidole cha keshia aliyehesabu hela siku nzima, afu kila mara kamera inarudi karibu zaidi kwa yule yule. Kama anachora, shuti penseli kwa karibu sana, ncha ikiwa kali mwanzo wa sini na butu mwishoni, vumbi jeusi limeshika upande wa kiganja. Hiyo penseli butu inasema yamepita masaa wakati kwa wengine haijapita hata sekunde.

Na uwezo wake uwekee mpaka. Ben anaweza kusimamisha, hawezi kurudisha nyuma. Kwenye pati Sharon anamwona anabusiwa na mwanamke mwingine, anaondoka kwa hasira, na Ben anagandisha dunia nzima lakini lile busu limeshatokea, anazunguka peke yake humo ndani ya ukimya na hakuna anachoweza kufuta. Bila sini kama iyo una mchezo wa mazingaombwe tu.

SAUTI

Watu wengi wanaisahau na ndo nusu ya kazi. Kabla hamjafunga duka rekodi dakika nzima ya duka lenyewe, friji linavyonguruma, taa inavyovuma, gari linapita mbali, hakuna anayeongea. Muda unaposimama ikate yote kwa ghafla, na ikate fremu mbili tatu kabla ya picha kuganda, sikio litangulie. Ndani ya ukimya baki na vitu vya mtu wako peke yake, nyayo, pumzi, penseli kwenye karatasi.

Kurudisha muda Ben analiza vidole vya mkono, kah, na kila kitu kinaendelea. Mlio wa vidole halisi ni mdogo kwenye maiki, funga tambi kavu ndani ya kitambaa uvunje karibu na simu, au vunja karoti mbichi, jaribu zote mbili. Lakini sio lazima uige vidole, tafuta ishara yako.

Sisi yetu tuliipata bila kuitafuta. Ule usiku wa pili, saa ya ukutani imeshatolewa betri na iko ndani ya droo, tumemaliza shoti ya mwisho, nikasema "kata" lakini maiki haikuzimwa, na watu wote kumi wakaachia pumzi kwa pamoja, fuuuu, afu kiatu kikaburuzwa, mtu akacheka chini chini, kijana wa duka akawasha friji. Niliisikia kesho yake kwenye hedifoni. Nikaichukua vile vile ilivyo nikaiweka pale noti inapotua kwenye kiganja cha mteja. Kwaiyo ukisema kata, acha maiki iendelee sekunde kumi.